Kwa Mlango wa Mwingine: Mama na Mtoto katika Ukanda wa Almasi na Dhahabu

Mgeni aliyeshuka treni Shinyanga mwanzoni mwa miaka ya 1930 alikuta mji mdogo wenye wanasayansi wengi kupita kimo chake. Walikuwa watu wa idara ya utafiti wa mbung'o, chini ya Charles Swynnerton. Kutwa walikuwa porini wakinasa mbung'o, wakiwahesabu na kuchora ramani za vichaka. Malale, ugonjwa unaoletwa na mbung'o, yalikuwa yamezuka Maswa mwaka 1922, na serikali ya Kiingereza ilihofia ng'ombe, nguvukazi na pamba. Watemi wakaitisha watu kwa maelfu kufyeka pori. Swynnerton alikufa kwa ajali ya ndege mwaka 1938, akiacha kazi ambayo wataalamu wa wadudu wanaiheshimu hadi leo, na wana haki. Lakini miaka hiyohiyo sheria ya kuandikisha vizazi na vifo haikumlazimu Mwafrika, kwa hiyo mzazi aliyefia kijijini upande wa Kishapu hakuwa na daftari la kuingizwa. Mbung'o alikuwa na takwimu, mama hakuwa nazo.

Ukifuatilia historia ya hospitali za ukanda huu, kutoka mbuga za Shinyanga hadi vilima vya Geita, jambo hilo linajirudia hata linachosha. Huduma ya mama na mtoto ilikuja ikiwa imeshikwa mkono na shughuli nyingine: Injili, pamba, almasi, Ukimwi, dhahabu, kura. Wanawake nao hawakungoja kadi ya mwaliko. Kila mlango uliofunguliwa kwa ajili ya mwingine, walipita.

Mlango wa kwanza ulikuwa wa misheni. Mapadre Weupe walifungua kituo Ushirombo, leo wilaya ya Bukombe mkoani Geita, mwaka 1891, na katikati ya muongo huo Masista Weupe wakawafuata. Walipokea yatima na waliokombolewa utumwani, wakatibu vidonda na homa kwa dawa chache walizokuja nazo. Upande wa mashariki, Africa Inland Mission walipokea kituo cha Nassa kutoka kwa Waanglikana wa CMS mwaka 1909, na mwaka 1913 William Maynard na mkewe Nina wakaanzisha kituo cha Kolandoto, kilomita chache nje ya mji wa Shinyanga. Bwana alikuwa mhubiri. Daktari alikuwa bibi.

Jambo hilo lilikuwa na uzito zaidi kuliko waliowatuma walivyoweza kujua. Katika kaya ya Kisukuma kuzaa kulikuwa shughuli ya wanawake tangu mwanzo hadi mwisho: mama mkwe, shangazi, mkunga aliyejua mizizi ya kuharakisha uchungu na ya kuondoa kondo. Uzazi ulifuatiliwa kwa makini kiasi kwamba mtoto alibeba taarifa zake kwenye jina. Pacha wakawa Kulwa na Doto, anayewafuata akawa Shija, aliyetanguliza miguu akawa Kashinje. Na ulikuwa na hesabu zake za ng'ombe. Hans Cory, aliyeandika sheria za mila za Wasukuma katika kitabu kilichotoka mwaka 1953, anaonyesha jinsi mahari ilivyofungamana na watoto: ndoa ikivunjika, ng'ombe wa kurudishwa walipunguzwa kwa kuangalia watoto waliokwisha kuzaliwa. Mwanamke asiyezaa alikuwa na kesi mlangoni kabla hajawa na ugonjwa. Ndani ya utaratibu kama huo, mganga mwanamume wa kizungu angekaa muda mrefu akisubiri wagonjwa wa leba. Daktari mwanamke alikuwa na pa kuanzia.

Serikali ilipokuja na mpango wake, haikuliona hilo. Kuanzia miaka ya 1920 tawala za wenyeji zilifunguliwa zahanati ndogo zilizoshikwa na wahudumu waliofundishwa kufunga vidonda na kugawa dawa, na karibu wote walikuwa wanaume. Walitibu kidonda cha mguu cha mkulima wa pamba, naye akarudi shambani. Mke wake aliendelea kujifungulia nyuma ya nyumba. Kolandoto ndiyo iliyoendelea kukua, ikapata makazi ya wenye ukoma, baadaye chuo cha afya, na leo ni hospitali ya kanisa la AICT inayobeba pia kazi za serikali. Nikisikia watu wakisema hospitali za dini "zinaisaidia" serikali, huwa najiuliza kwa Shinyanga nani alimtangulia nani.

Kisha ardhi ikafunuka. Mwaka 1940 John Williamson alipata almasi Mwadui, na katika mbuga hiyo ukaota mji wenye umeme, shule, maduka na hospitali. Mwaka 1947 almasi ya waridi kutoka shimo hilo ilikwenda kuwa zawadi ya harusi ya Elizabeth, binti mfalme wa Uingereza. Hospitali ya mgodi ilikuwa nzuri kwa aliyekuwa ndani ya uzio, mfanyakazi na familia yake. Geita nako mgodi wa dhahabu ulifunguliwa miaka ya 1930, ukawa mkubwa kuliko yote Afrika Mashariki, ukafungwa mwaka 1966. Kilichobaki baada ya kufungwa ni mashimo, na ujuzi wa kuchimba uliotawanyika vijijini. Ujuzi huo utarudi baadaye katika habari hii, na wanawake wakiwa ndani yake.

Uhuru ulikuja nchi ikiwa na madaktari Watanganyika 12, kama Mwalimu Nyerere alivyokuwa hachoki kukumbusha. Pamba ilikuwa na fedha, ushirika wa Victoria Federation chini ya Paul Bomani ulikuwa umeshakuwa mkubwa wa kutajwa Afrika nzima, na Wakatoliki walikuwa wameanzisha hospitali ya Sengerema mwaka 1959. Bugando ikafunguliwa Mwanza mwaka 1971. Baada ya Azimio la Arusha zahanati zikasogezwa vijijini, kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ikafika hadi kwenye redio za mbao, na mwaka 1974 ukaanza mpango wa taifa wa afya ya mama na mtoto. Hapo ndipo ilipozaliwa kliniki tunayoijua: mizani ya kuning'iniza, mtoto ndani ya kimfuko cha kitambaa akilia, kadi yenye mstari unaopanda au kuanguka, sindano ya surua. Vilevile wakapatikana madaktari wasaidizi, waliofundishwa kufanya upasuaji wa uzazi pasipokuwa na daktari bingwa. Wanawake wengi wa Kanda ya Ziwa walio hai leo wana kovu lililoshonwa na hao, ingawa majina yao hayaandikwi kwenye jiwe la msingi.

Miaka ya 1980 ilirudisha mengi nyuma. Fedha za kigeni ziliisha, na zahanati nyingi zikawa na mhudumu na meza, dawa hakuna. Mtoto anapokufa kwa homa na hakuna wa kueleza kwa nini, maelezo hutafutwa kwingine. Mauaji ya vikongwe waliotuhumiwa uchawi yaliiandama Shinyanga miaka mingi, na wengi waliouawa walikuwa wanawake wenye macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni wa miaka 50 ya kupika. Baadhi ya wazee wa rika hilo ndio waliokuwa wamewazalisha wakwe zao. Sijui kama kuna kipimo kikali zaidi cha huduma ya afya iliyoshindwa kuliko hiki, kwamba bibi mwenye macho mekundu awe jibu la malaria.

Mwaka 1993 hospitali za serikali zikaanza kutoza ada. Wajawazito na watoto chini ya miaka 5 walisamehewa kwa mujibu wa sera. Kila mama wa Shinyanga anajua msamaha huo unavyoonekana kwa karibu. Unaonekana kama beseni. Ndani yake anapanga glavu, wembe, pamba, uzi wa kufungia kitovu, mpira wa kulalia, kanga mbili kuukuu za kumpokelea mtoto na moja nzuri ya kutokea. Ndugu wakichungulia beseni wanaona kama kaya ina uwezo au haina. Asiye na glavu anaogopa maneno ya nesi kuliko anavyoogopa uchungu, na wapo waliobaki nyumbani kwa sababu hiyo tu, huku kwenye takwimu wakiandikwa kuwa wamezuiwa na "mila".

Neno hilo lilipata mpinzani mzuri katika mwanaanthropolojia Denise Roth Allen, aliyeishi mwanzoni mwa miaka ya 1990 katika kijiji kimoja cha mkoa wa Shinyanga. Kitabu chake, Managing Motherhood, Managing Risk, kilitoka mwaka 2002. Ulimwengu wa wafadhili ulikuwa umetoka Nairobi mwaka 1987 na mpango wa uzazi salama, na hatari waliyoileta vijijini ilikuwa moja: mama kufa akijifungua. Allen akawasikiliza wanawake na kukuta orodha yao ni ndefu zaidi na mpangilio wake ni mwingine. Walihofia kutokuzaa kabisa. Walihofia mimba inayotoka, mume anayeondoka, mtoto asiyefika miaka miwili. Kifo cha leba kilikuwepo, lakini kilikuwa kimoja kati ya vingi, na hospitali iliyojiandaa kwa hicho kimoja tu ilimpokea mgumba kwa kumwambia arudi nyumbani. Kwa hiyo akaenda kwa mganga. Hakwenda kwa ujinga. Mganga alikuwa na nafasi ya kumsikiliza.

Nadhani hapo kuna funzo ambalo wizara haijalimeza hata sasa. Vipimo vya ugumba bado ni jambo la Mwanza na Dar es Salaam, na kwa mwenye fedha.

Mlango uliofuata ulikuwa wa Ukimwi. Wagonjwa wa kwanza nchini waligunduliwa Kagera mwaka 1983, na muongo mmoja baadaye Kanda ya Ziwa ikawa uwanja wa utafiti uliobadilisha mawazo ya dunia. Kati ya 1991 na 1994, katika jamii 12 za mkoa wa Mwanza wa wakati ule, ambao Geita ilikuwa ndani yake, watafiti waliimarisha tiba ya magonjwa ya zinaa katika zahanati za kawaida: mafunzo kwa mhudumu, dawa zisizokatika, usimamizi wa mara kwa mara. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1995 yalionyesha maambukizi mapya ya virusi yamepungua kwa takriban asilimia 40. Kwa mwanamke wa kijijini ambaye kwa miaka alikuwa na maumivu ya chini ya tumbo na aibu ya kuyataja, hiyo ilikuwa mara ya kwanza zahanati kumuuliza na kuwa na kidonge cha kumpa. Baadaye zikaja dawa za kumkinga mtoto asiambukizwe, na pamoja nazo maabara, friji na taa katika vituo ambavyo mama wa kawaida alikuwa amejifungulia kwa kibatari. Ukimwi ulileta misiba isiyohesabika katika ukanda huu. Ulileta pia vifaa.

Sasa turudi kwenye dhahabu.

Bulyanhulu, wilayani Kahama, iliwaka miaka ya 1990 kwa wachimbaji wadogo, hadi mwaka 1996 walipoondolewa kupisha mwekezaji. Uzalishaji mkubwa ulianza 2001, mwaka mmoja baada ya Mgodi wa Dhahabu Geita, ambao leo ni wa AngloGold Ashanti, kufunguliwa rasmi. Pembeni ya migodi hiyo, na katika kila kilima kinachotangazwa kuwa na rashi, yaani mlipuko wa dhahabu, wakaja watu kwa maelfu. Mkoa wa Geita ulianzishwa mwaka 2012. Sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 1,739,530, ya mwaka 2022 ikakuta 2,977,608. Shinyanga nayo ilitoka 1,534,808 ikafika 2,241,299. Hakuna halmashauri iliyojenga wodi za wazazi kwa mwendo huo. Kitanda kimoja kwa wazazi wawili, miguu kichwa, ni picha ambayo mtu yeyote aliyewahi kupeleka chai wodini asubuhi ameiona.

Machimboni mwanamke hana nafasi duarani, yaani ndani ya shimo, imani za huko zinamkataza, hasa akiwa mwezini. Kazi yake iko juu: kuponda mawe, kubeba maji, kuosha mchanga kwenye mwalo, kununua marudio, mchanga uliokwisha kuoshwa, na kuyachenjua upya, kupika. Zebaki inapita mikononi mwake. Dhahabu inayokamatwa huchomwa, mara nyingi jikoni, kwenye kikaango au kipande cha bati, mtoto akiwa mgongoni. Mwaka 2003, chini ya mradi wa UNIDO, wataalamu waliwapima watu wa Rwamagasa wilayani Geita na kuwalinganisha na wa Katoro. Walikuta dalili za sumu ya zebaki kwa wachomaji, na uchunguzi ulionyesha zebaki ndani ya maziwa ya baadhi ya mama wanaonyonyesha. Muongo mmoja baadaye, mwaka 2013, Human Rights Watch walieleza juu ya watoto wanaofanya kazi hizohizo Geita, Kahama na Chunya. Tanzania iliridhia mkataba wa Minamata mwaka 2020. Lakini kadi ya kliniki inamuuliza mama juu ya malaria, shinikizo la damu na virusi, haimuulizi anachoma nini jikoni. Kwa Geita swali hilo lingestahili mstari wake.

Na fedha? Kwa miaka mingi mikataba ya migodi mikubwa ilizipa halmashauri dola 200,000 kwa mwaka, iwe bei ya dhahabu imepanda au imeshuka, hadi katikati ya miaka ya 2010 ulipoanza kulipwa ushuru wa huduma wa asilimia 0.3 ya mauzo. Marekebisho ya sheria ya madini ya mwaka 2017 yakataka mpango wa mgodi kwa jamii ukubaliwe na halmashauri kwanza. Tangu hapo vituo vya afya, wodi na nyumba za watumishi vimeota Geita kwa wingi. Mgodi wa Geita pia, tangu 2002, hupandisha watu Kilimanjaro kuchangisha fedha za Ukimwi. Naamini ni jambo jema, ingawa daima hunishangaza kwamba wilaya yenye dhahabu ichangiwe na wapanda mlima.

Siasa nayo iliingia chumbani. Takwimu za mwaka 2010 ziliuweka mkoa wa Shinyanga juu ya yote kwa ndoa za utotoni, asilimia 59 ya wasichana wakiolewa kabla ya miaka 18. Mwanaharakati Rebeca Gyumi akaipeleka mahakamani Sheria ya Ndoa ya 1971, iliyoruhusu ndoa hizo, akashinda Mahakama Kuu mwaka 2016 na Mahakama ya Rufani mwaka 2019. Katika kipindi hichohicho Rais John Magufuli, mwana wa Chato, aliwaambia watu wa Meatu Septemba 2018 kwamba wanawake wanaweza kuachana na uzazi wa mpango, na mwaka uliofuata akayarudia hayo nyumbani Chato. Msichana aliyepata mimba alikuwa haruhusiwi kurudi shule ya serikali, na zuio hilo liliondolewa Novemba 2021. Wauguzi hawakuacha kutoa vijiti na sindano. Wanawake waliendelea kuja, wengine wakiacha kadi kwa nesi ili mume asiione.

Kinachonivutia zaidi katika historia yote hii kimetokea karibuni, na hakina fahari hata kidogo. Ni gari na mazoezi.

Gari kwanza. Mpango wa m-mama ulijaribiwa Sengerema, ukaenda Shinyanga, kisha Rais Samia Suluhu Hassan akauzindua kitaifa mwaka 2022. Mhudumu au ndugu anapiga 115 bila malipo, mtu wa kituo cha simu anauliza dalili, mfumo unatafuta gari la wagonjwa lililo karibu. Kama halipo, anaitwa dereva wa kijijini aliyesajiliwa, na fedha zake zinaingia kwenye simu akishamfikisha mama. Uzuri wake ni kwamba unatumia gari lile lile ambalo familia ingelikodi usiku kwa bei ya kuuza mbuzi.

Kisha mazoezi. Kuanzia 2020 hadi 2023 hospitali na vituo 30 katika mikoa mitano, Geita na Shinyanga zikiwemo, viliingia katika mpango uliotokea hospitali ya Haydom. Watumishi walikuwa wakirudia mazoezi mafupi mara kwa mara papo hapo wodini. Mkunga mmoja anajifunga tumboni mwanasesere wa mpira mwenye mfuko wa damu bandia, mwenzake anamzalisha. Damu inaanza kumwagika sakafuni, na mwenzake lazima afanye: kanda mfuko wa uzazi, toa dawa, ita msaada, sema kwa sauti unachofanya. Kichanga cha plastiki kilichojazwa maji hakilii, anatakiwa akipe pumzi kwa ambu ndani ya sekunde 60. Wakufunzi wanaiita dakika ya dhahabu, na hakuna aliyewatuma Geita ili liwe neno la mzaha. Dk. Benjamin Kamala na wenzake walichapisha matokeo ya wazazi wapatao 300,000 mwanzoni mwa 2025: vifo vya akina mama katika vituo hivyo vimeshuka kwa asilimia 75, vya vichanga katika saa 24 za kwanza kwa asilimia 40.

Takwimu za taifa nazo zinasimulia kushuka, kutoka vifo 556 kwa vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015 na 2016 hadi 104 katika ule wa 2022. Umoja wa Mataifa umekadiria juu zaidi, 238 kwa mwaka 2020, na mabishano ya wataalamu juu ya pengo hilo ni halali. Matokeo ya Haydom yana nguvu ya aina nyingine, maana yanahesabu wodi zinazojulikana, siku kwa siku.

Mpango huo wa mazoezi ulilipiwa na wafadhili wa nje, Benki ya Dunia na Norway wakiwemo, na umesambazwa sasa katika vituo zaidi ya 100 nchini. Mwaka 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake, na vituo vya Shinyanga vilivyozoea watumishi wa kitengo cha virusi wanaolipwa kwa fedha hizo vililazimika kupanga upya zamu. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ipo tangu 2023, na mchango wa kaya ya mchimbaji asiye na kipato cha kudumu ndio kitendawili chake kikubwa katika ukanda huu. Baraza la madiwani la Geita likikaa kupitisha mpango wa fedha za mgodi, wodi mpya ina ramani, mkandarasi na siku ya kukata utepe. Mwanasesere wa mpira, damu bandia na posho ya mkufunzi ni kiasi kidogo mno kwa mgodi wowote, na hakuna anayeviombea kifungu.